555 au maikrokontrola? Andika kwanza kazi ya sakiti yako kwa sentensi moja

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, natengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai 60. Upande wa joto nimenunua kidhibiti kilicho tayari na kinashika vizuri. Kilichobaki ni kugeuza mayai. Nina mota ndogo ya 220V inayozunguka mara mbili na nusu kwa dakika. Nataka iwake sekunde 12 kila baada ya saa mbili, ili trei ilale upande wa pili. Fundi redio wa mtaani kwetu anasema aisii moja ya 555 inamaliza kazi. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema 555 ni mambo ya mababu, siku hizi ni Arduino tu. 555 ninazo mbili mkononi, ila programu sijawahi kuandika. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo. Ukishapata joto linalotulia, kazi ngumu zaidi ya mashine hiyo umeshaimaliza.

Jibu lenyewe nikupe mapema. Kwa kazi uliyoieleza, fundi wako yuko karibu na ukweli kuliko mdogo wako, lakini 555, ambayo ni chipu ya kupima muda, peke yake haitakufikisha saa mbili. Utahitaji aisii nyingine ya bei ndogo iitwayo CD4060, pamoja na maikroswichi moja kwenye shafti ya mota. Programu huna haja ya kuandika hata mstari mmoja. Mdogo wako naye ana hoja, ila ni hoja ya mashine tofauti kidogo na yako. Nitaifikia.

Swali lako huulizwa mara nyingi, na wengi hulijibu kwa kutazama muda: muda mfupi 555, muda mrefu maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja kama ile iliyo kwenye Arduino. Mimi silipimi hivyo. Kabla hujawasha pasi ya kulehemu, chukua karatasi uandike kazi ya sakiti yako kwa sentensi moja ya Kiswahili, kama unavyomwagiza kijana wa kazi anayeanza leo. Yako inasema hivi: "Kila baada ya saa mbili, washa mota mpaka trei ifike upande wa pili." Sasa yasikilize maneno yake. "Kila baada ya" na "mpaka" ni maneno ambayo chipu rahisi ya muda inayaelewa. Hayadai kukumbuka jana wala kuamua lolote.

Mfugaji mwingine ataandika: "Kila baada ya saa mbili washa mota, isipokuwa ikishafika siku ya 18, ikiwa trei haikufika ndani ya sekunde 20, piga king'ora, na umeme ukikatika, ukirudi endelea ulipoishia." Humo mna "isipokuwa", mna "ikiwa", mna "ulipoishia". Neno kama hilo likiwa moja unaweza bado kulikwepa kwa ujanja wa swichi au dayodi. Yakifika mawili, nunua maikrokontrola bila kusita, hata kama muda wenyewe ni sekunde tatu.

Sababu iko ndani ya chipu yenyewe. 555 ina rezista tatu zinazolingana, kila moja 5K, zinazogawa volti za chanzo mafungu matatu. Vilinganishi viwili vinatazama: kimoja kinatazama theluthi moja, kingine theluthi mbili. Kapasita unayoiweka nje ni kama ndoo, na rezista ni bomba linaloijaza. Ndoo ikijaa mpaka theluthi mbili, swichi ya ndani inageuka na ndoo inamwagwa. Basi. Kumbukumbu yote ya sakiti hiyo ni kiasi cha maji kilichomo ndani ya ndoo, na kama swichi imelala au imesimama. Maikrokontrola ina mamia au maelfu ya vyumba vya kukumbuka. ATtiny85, ambayo ina miguu minane sawasawa na 555, ina baiti 512 za kumbukumbu ya kazi, baiti 512 nyingine zisizofutika umeme ukikatika, na kilobaiti 8 za kuweka programu.

Kuhusu umri, mdogo wako asikutishe. 555 ilichorwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi Mswisi aliyehamia Marekani, kwa ajili ya kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni 1972. Mwaka huohuo wa 1971 Intel walitoa 4004, na mwaka 1974 Texas Instruments wakaanza kuuza TMS1000, kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Kwa hiyo 555 na maikrokontrola ni watu wa rika moja. Zote mbili zinaendelea kutengenezwa kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Kwa nini 555 haifiki saa mbili

Kanuni ya 555 inapohesabu mara moja na kusimama ni muda = 1.1 × R × C, R ikiwa rezista na C kapasita. Saa mbili ni sekunde 7,200. Ukiweka rezista kubwa ya 1M, kapasita inayotakiwa ni kama mikrofaradi 6,500. Kwenye karatasi inawezekana, na kapasita ya elektrolaiti ya mikrofaradi 6,800 inapatikana dukani. Ukiifunga, utangoja saa mbili, tatu, nne, na mota haitawaka.

Tazama mkondo unaoijaza ndoo. Chanzo chako kikiwa 12V, kapasita inapokaribia theluthi mbili, yaani 8V, zimebaki 4V za kusukuma kupitia 1M. Hiyo ni mikroampia 4 tu. Na kapasita za elektrolaiti zote zinavuja. Watengenezaji wengi huandika kikomo cha kuvuja kuwa 0.01 × C × V, baada ya dakika mbili za kuchaji. Kwa mikrofaradi 6,800 na 16V hicho kikomo kinazidi mikroampia 1,000. Kapasita nzima huvuja kidogo kuliko hapo, na hupungua kadiri inavyokaa na chaji, lakini ukivuja mkondo wa mikroampia 4 tu umeshalingana na ule unaoingia. Bomba linajaza, tundu linamwaga, maji hayapandi tena. Wengi huishia kuilaumu chipu, wakati chipu haina kosa lolote. Inasubiri 8V ambazo hazitafika.

Mimi 555 huwa siipi zaidi ya dakika tano, na huwa na furaha zaidi ikiwa chini ya moja.

4060: hesabu badala ya kusubiri

CD4060 inafanya jambo la busara zaidi. Ina mdundo wake wa ndani unaoendeshwa na rezista na kapasita ndogo, kisha inagawanya mdundo huo kwa mbili, mara 14 mfululizo. Kwenye mguu wa 3, ambao ni hatua ya 14, mzunguko mmoja unakamilika kila baada ya midundo 16,384. Kwa hiyo huhitaji ndoo ya kujaa saa mbili. Unahitaji ndoo inayojaa na kumwagika chini ya nusu sekunde, na chipu inayojua kuhesabu.

Mdundo mmoja ni takriban 2.3 × R × C. Weka R ya 180K na C ya mikrofaradi 1, mdundo unakuwa sekunde 0.414. Zidisha kwa 16,384, unapata sekunde kama 6,783, yaani saa 1 na dakika 53. Kwa mayai inatosha kabisa. Yai haliulizi kama ni saa mbili kamili au zimepungua dakika saba. Linachohitaji ni kwamba kiinitete kisikae upande mmoja muda mrefu hata kikashikamana na utando wa ganda.

Kapasita hiyo ya mikrofaradi 1 iwe ya plastiki, zile za mraba zisizo na upande wa chanya na hasi. Usiweke elektrolaiti hapo, kwa sababu ile niliyoieleza ya kuvuja, na pia kwa sababu mkondo hapo unakwenda na kurudi. Ufungaji wake ni hivi: R kutoka mguu wa 10, C kutoka mguu wa 9, na rezista ya tatu ya 1M kutoka mguu wa 11, zote tatu zikutane sehemu moja. Mguu wa 16 ni chanya, wa 8 ni hasi. Mguu wa 12 unarudisha hesabu sifuri ukipata volti, kwa hiyo uvute chini kwa 100K, na weka kapasita ya nanofaradi 100 kati yake na chanya ili hesabu ianze sifuri kila unapowasha.

Sasa jambo ambalo litakuokolea siku nzima. Huna haja ya kungoja saa mbili kujua kama umepatia. Mguu wa 7 ni hatua ya nne, unakamilisha mzunguko kila midundo 16. Kwa thamani nilizokupa, hiyo ni sekunde 6.6. Shika mita kwenye mguu wa 7, pima kwa saa ya simu mizunguko kumi, gawanya kwa kumi, kisha zidisha kwa 1,024. Hapo umepata muda wa mguu wa 3 bila kuukalia. Ukiona ni mfupi, ongeza rezista. Ukiona mrefu, punguza.

Sekunde 12 zako, naomba uziache

Hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi, kwa sababu kosa hili utalifanya hata ukitumia Arduino.

Mota ya mizunguko 2.5 kwa dakika inakwenda nyuzi 15 kila sekunde. Nusu mzunguko ni sekunde 12, hesabu yako ni sahihi. Lakini 555 yenye kapasita ya elektrolaiti inaweza kukosea asilimia 20 kwa urahisi. Tuseme ni nzuri, imekosea sekunde moja tu. Kila unapogeuza, shafti inapitiliza nyuzi 15. Mara ya sita imepitiliza nyuzi 90, na trei yako, badala ya kulala kushoto au kulia, inasimama katikati. Hiyo ni chini ya siku moja. Mashine itaonekana inafanya kazi, mota itasikika kila baada ya saa mbili, na mayai hayatakuwa yanageuzwa inavyopaswa. Arduino ingechukua muda mrefu zaidi kufika hapo, lakini kosa linalojilimbikiza halina budi kufika.

Usipime kwa muda kitu unachoweza kukipima kwa mahali kilipo. Kwenye shafti ya mota weka kisahani cha plastiki au mbao nyembamba chenye mapengo mawili yanayotazamana. Mafundi wa cherehani na wa mashine za kufulia za zamani wanakijua kifaa hicho, ni kamu. Juu ya ukingo wake weka maikroswichi yenye kigurudumu. Kigurudumu kikiwa ndani ya pengo, swichi imefungua njia na mota imesimama. Kikiwa nje ya pengo, swichi imeunganisha na mota inazunguka. Sasa chukua rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, uunganishe miguso yake sambamba na swichi hiyo. Rilei inawasha mota kwa sekunde chache tu, kiasi cha kukitoa kigurudumu ndani ya pengo. Baada ya hapo rilei inaachia, na swichi yenyewe inaipeleka mota mpaka pengo la pili. Inasimama palepale, kila mara, hata miaka miwili ijayo.

Sasa 555 yako imepata kazi inayoiweza. Inatakiwa kutoa sekunde tano hivi, na ikitoa nne au sita hakuna kinachoharibika, mradi isifike 12. Katika sekunde tano shafti inakwenda nyuzi 75, imeshaliacha pengo zamani.

Weka rezista ya 100K kutoka chanya hadi miguu ya 6 na 7 iliyounganishwa, na kapasita ya mikrofaradi 47 kutoka hapo hadi hasi. Hiyo ni sekunde 5.2. Mguu wa 4 ufunge kwenye chanya, usiuache ukielea. Mguu wa 5 upe kapasita ya nanofaradi 10 kwenda hasi. Mguu wa 2 uvutwe juu kwa 10K, na mguu wa 3 wa 4060 uufikie kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Kila mguu huo wa 4060 unaposhuka, 555 inapata mshtuko mfupi wa kuiamsha. Unapopanda, mshtuko unakwenda juu, kwa hiyo weka dayodi ya 1N4148 kutoka mguu wa 2 kwenda chanya, mstari wake ukielekea chanya, iumeze. Mguu wa 3 wa 555 unaendesha rilei ya 12V moja kwa moja, kwa kuwa 555 ya kawaida inaweza kutoa hadi miliampia 200. Usisahau dayodi ya 1N4007 kinyumenyume kwenye koili ya rilei.

Angalia maandishi juu ya chipu zako. Kama ni NE555 ni sawa. Kama ni TLC555 au nyingine ya aina ya CMOS, haina nguvu hiyo ya kutoa mkondo; TLC555 inatoa miliampia 10 tu, kwa hiyo utaweka transista katikati. NE555 nayo ina tabia moja mbaya: kila inapogeuka inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi mno, unaotikisa chanzo kizima na unaweza kuichanganya 4060. Weka nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya kila chipu, na mikrofaradi 100 kwenye njia kuu.

Umeme wa nyumbani na umeme unaokatika

Mota yako ni ya umeme wa nyumbani. Upande huo wa rilei, maikroswichi na waya zake uufunge ndani ya kisanduku cha plastiki peke yake, wenye fyuzi, mbali na bakuli la maji ya unyevu. Mashine ya kutotolesha ina joto na mvuke, na mikono ya watoto hupenda kuchungulia vifaranga. Kama bado hujazoea kufanya kazi na umeme huo, mpe fundi wako sehemu hiyo, au tafuta mota ya aina hiyohiyo ya 12V. Hili sikuambii kwa desturi tu. Ndilo jambo pekee katika barua hii linaloweza kumuua mtu.

Umeme ukikatika trei ikiwa katikati ya safari, kamu itakuwa nje ya pengo, swichi imeunganisha. Umeme ukirudi, mota inamalizia safari yake bila kuamriwa na mtu. Kile kisahani kinakumbuka bila umeme, na hujalipia baiti hata moja. Inawezekana pia 555 ikaamka umeme unaporudi na kugeuza trei mara moja zaidi, haidhuru kitu.

Tatizo ni moja. Umeme ukikatika mara kwa mara, 4060 inaanza kuhesabu upya kila mara, na mayai yanaweza kupitisha saa tano bila kugeuzwa. Kama hali ya kwenu ndiyo hiyo, ipe 4060 peke yake betri ndogo ya 9V kupitia dayodi, na umeme wa adapta uifikie kupitia dayodi ya pili. Kwa kawaida inatumia chini ya miliampia moja. 555 usiiweke kwenye betri hiyo: NE555 ikiwa imekaa tu bila kufanya kitu inakula miliampia 3 kwenye 5V na zaidi volti zikipanda, ingeimaliza betri mapema.

Na siku ya 18? Kwa mayai ya kuku ndiyo siku ya kuacha kugeuza, siku tatu kabla ya kuanguliwa. Lakini siku hiyo wewe mwenyewe utaifungua mashine, utayahamisha mayai kutoka kwenye trei ya kugeuza kwenda trei ya kuangulia, na kuongeza unyevu. Mkono wako utakuwa palepale. Weka swichi ya kawaida ya kuzima mota, uibonyeze. Ndiyo maana "isipokuwa siku ya 18" sikuiweka kwenye sentensi yako: kazi ambayo mtu ataifanya tu kwa mikono yake haina haja ya chipu.

Siku ya mdogo wako

Kuna mambo mawili yatakayoibadilisha sentensi yako. La kwanza ni king'ora. Ukishatotolesha mara mbili tatu, utataka kujua usiku kama trei imekwama, kwa kuwa mkanda umeteleza au screw imelegea. Hapo unasema "ikiwa". La pili ni kuweka mayai mapya kila wiki kwenye trei tofauti, kila trei na siku yake ya 18. Hapo unasema "isipokuwa" mara tatu. Usijaribu kuyafanya hayo kwa kuongeza 555. Nimeona bodi zenye 555 nne na 4017 mbili, ambazo ni aisii za kuhesabu, za kazi ambayo programu ya mistari 40 ingeimaliza, na kila aliyezifunga alitumia wikendi nzima kutafuta ipi inaiamsha ipi. Ukijiona unachora aisii ya nne ya muda kwenye karatasi moja, mpigie mdogo wako.

Akija, mwambie mambo haya, kwa kuwa mengi hayafundishwi kwenye mifano ya kuwasha taa.

Kwanza, maikrokontrola si saa. Kipima mdundo cha ndani cha ATtiny85 kinatoka kiwandani kikiwa na ruhusa ya kukosea mpaka asilimia 10. Kwa saa mbili ni dakika 12, haidhuru. Kwa siku 18 ni karibu siku mbili, na hapo atakuwa ameendelea kugeuza mayai yaliyokwisha jiandaa kuanguliwa. Kuhesabu siku kunadai kristali ya kupima mdundo. Yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni itapotoka kama sekunde 78 tu katika siku 18.

Pili, hesabu ya siku aihifadhi kwenye kumbukumbu isiyofutika, ila si kila sekunde. Kumbukumbu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kila chumba. Ukiandika kila sekunde, dhamana hiyo inaisha ndani ya saa 28. Ukiandika kila saa moja, siku 21 zinatumia mara 504 tu.

Tatu, asisimamishe programu kwa `delay`, yaani amri ya kusubiri, ya saa mbili, maana muda wote huo haioni swichi wala kusikia kitufe. Atumie `millis`, amri inayohesabu milisekunde tangu chipu iwashwe, na alinganishe kwa kutoa muda wa zamani kutoka muda wa sasa, kwa sababu hesabu hiyo inarudi sifuri kila baada ya siku 49 na saa 17. Mashine inayofanya kazi mfululizo itaufikia wakati huo.

La nne lilinigharimu mimi. Nilimfungia mfugaji mmoja mashine yenye maikrokontrola. Ilikaa mezani kwangu siku tano bila kosa, nikiwa naijaribu kwa taa badala ya mota. Ilipofungwa kwake, usiku wa pili, rilei ilipoizima mota ilitoa cheche, programu ikaganda, na wakati wa kugeuza uliofuata haukufika kamwe. Trei ilikaa upande mmoja siku nzima mpaka alipoigundua. Tangu siku hiyo kila mguso wa rilei unaokata mota ya umeme wa nyumbani naupa rezista ya ohm 100 na kapasita ya nanofaradi 100 ya daraja la X2 (iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani), mfululizo, zikiwa sambamba na mguso. Na kila programu naiwekea mlinzi wa ndani anayeiwasha upya chipu ikiganda. Weka hiyo rezista na kapasita hata wewe. Ila ujue tofauti: 555 ikipigwa na cheche itatoa sekunde zake tano isizotakiwa, kisha irudi kusubiri. Haina programu ya kuganda. Kwa mashine inayokaa chumba cha uani bila mtu wa kuitazama, huo ni uzito wa kweli kwenye mizani.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mapema: atakayeitengeneza ni nani? 555 na 4060 zikifa, fundi wako anachomoa, anachomeka nyingine, jioni mashine inafanya kazi. ATtiny ikifa, chipu mpya ni tupu. Kama faili la programu limepotea pamoja na laptopu ya mdogo wako, umepoteza mashine. Mkifika huko, wekeni nakala mahali pawili na chipu moja ya akiba iliyokwisha pakiwa programu, imebandikwa kwa gundi ya karatasi ndani ya kisanduku.

Kwa wengine wanaosoma na hawafugi kuku: taa ya kumetameta, kengele ya mlango, taa ya ngazi inayozima baada ya dakika moja, kupunguza kasi ya feni ya 12V, hayo mpe 555. Kifaa cha betri kinachokaa miezi kimelala na kuamka mara chache, mpe maikrokontrola, kwa kuwa ikilala vizuri inakula mikroampia chache. Hapo hata TLC555 yenye mikroampia 170 inashindwa. Chochote chenye skrini, au cha kutuma ujumbe kwenye simu, msipoteze muda na 555.

Turudi kwako. Funga 4060 kwanza peke yake kwenye bredibodi, upime ule mguu wa 7. Ukipata kati ya sekunde 5 na 8, endelea na 555, halafu rilei, halafu kamu, kila hatua ukiijaribu kwa taa ndogo kabla ya kuigusa mota. Ukipata nje ya hapo, niandikie rangi za pete ulizosoma kwenye rezista zote mbili na namba iliyo juu ya kapasita. Mara nyingi mtu ameweka 104 (nanofaradi 100) akidhani ni 105 (mikrofaradi 1). Mashine ikishakamilika, iache igeuze trei tupu siku mbili nzima, na kila unapopita itazame kama imelala mpaka mwisho upande wake. Hapo ndipo uweke mayai.